UZI: Mipira miwili pacha, matundu tofauti, kona ileile. Nimepigwa au sijui kurusha?

SitakiSpea
Wakuu, salaam. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnicheke.

Nina mipira miwili ya bolingi ya toleo moja, pauni 15 kila mmoja, kiini cha ulinganifu (uzito uliofichwa ndani una umbo sawa pande zote). Wa kwanza namwita Kaka. Ana mwaka na zaidi mkononi mwangu, nukta ya pini (ile alama ya rangi inayoonyesha kichwa cha kiini) iko juu ya vidole. Fundi aliniambia huyu atateleza mbali, kisha akate kona ya ghafla huko mwisho. Nikampenda, lakini mafuta yanayopakwa kwenye njia yakiwa mengi anapitiliza na kuniachia pini namba 10 inanitazama.

Nikanunua wa pili, Mdogo. Nikamwambia fundi nataka kinyume: aanze kushika mapema, aende kwa upole. Akaweka nukta chini ya kidole cha pete. Kwenye karatasi aliandika kwamba nukta ya Kaka iko inchi 5 kutoka kwenye PAP yangu (ncha ya mhimili ambao mpira unauzunguka ukitoka mkononi), ya Mdogo inchi 3 na 3/8.

Wiki tatu sasa narusha yote miwili. Nasimama palepale, nalenga mshale uleule. Inakwenda sawasawa! Wenzangu wakikaa nyuma hawajui nimeshika upi. Mimi ni mkono wa kulia, natumia gumba, kasi ya kawaida.

Je, mpangilio wa matundu unafanya kazi kweli, au ni hadithi za mafundi ili tununue mpira wa pili?

Mtaroni_Daima
Yangu yote inakwenda mtaroni bila kujali mpangilio. Nimeweka kiti, naendelea kusoma.

MzeeWaMafuta
Nimesema humu mara nyingi na leo narudia: ganda kwanza, matundu baadaye. Kinachogusa njia ni ganda. Kiini hakijawahi kugusa ubao hata siku moja.

Jibu maswali mawili. Kaka amecheza michezo mingapi tangu asafishwe kwa kina? Na Mdogo bado ana polishi ya kiwandani?

SitakiSpea
Mzee, Kaka sijawahi kumfanyia chochote zaidi ya kumfuta na taulo. Mdogo ndiyo, bado anang'aa kama kioo.

MzeeWaMafuta
Basi umejijibu. Mwenye nukta ya juu, anayetakiwa kuchelewa, ganda lake limechakaa na kuchubuka. Mwenye nukta ya chini, anayetakiwa kuwahi, umempaka polishi ateleze. Umemwambia mmoja kimbia ukamfunga miguu, mwingine umemwambia simama ukamsukuma. Wakikutana katikati unashangaa nini?

FundiKeekee
Nimesoma uzi wote. Mimi natoboa mipira, kwa hiyo mnaweza kusema natetea ugali wangu. Mzee ana haki kuhusu ganda, na mteja akinijia na shida ya kona namshikia msasa kabla ya keekee. Ila "kiini hakigusi ubao" ni maneno matamu yasiyokamilika.

Tuanze na mpira wenyewe. Kutoka mstari wa faulo hadi pini ya kwanza ni futi 60. Kwa kasi ya kawaida ni kama sekunde 2 na nusu, na humo ndani mpira unazunguka mara kumi na kitu tu. Katika mizunguko hiyo michache unapita hatua tatu: unateleza, unakata kona, kisha unaviringika. Kila tunachofanya kwenye mashine ya kutobolea ni kusogeza mahali ambapo hatua moja inaikabidhi nyingine.

Sasa mchukueni mtoto na pia yake. Pia ikisimama wima inazunguka imetulia, utadhani imelala. Ukiilaza kabisa ubavuni, nayo inatulia kwa namna yake. Ukiianzisha imeinama nusunusu ndipo inapoyumba, inatafuta pa kukaa. Kiini cha mpira ni pia iliyofungiwa ndani ya ganda. Nukta ya rangi mnayoiita pini inaonyesha kichwa cha pia kiko wapi. PAP ni ncha ya mhimili ambao mkono wako unauzungushia mpira wakati unauachia. Umbali kati ya hizo mbili ndio unaosema pia yako imeanza imesimama, imelala au imeinama.

Mzingo wa mpira ni kama inchi 27, kwa hiyo robo yake ni inchi 6 na 3/4. Nukta ikikaa juu ya PAP yenyewe, inchi 0, pia imesimama na haiyumbi. Ikikaa inchi 6 na 3/4, imelala na haiyumbi. Katikati, inchi 3 na 3/8, inayumba kuliko kote.

Na kuyumba kunaleta nini? Mpira ukirudi ukiwa na mafuta, utazameni kabla hamjaufuta. Mtaona pete nyembamba za mafuta, moja kando ya nyingine, zimekutana sehemu mbili kama fundo la tai. Kila pete ni mzunguko mmoja. Mhimili unahama, kwa hiyo kila mzunguko unagusa ukanda mpya wa ganda, mkavu. Pete zikiachana, ganda kavu linakamata njia. Zikilaliana, unarusha mafuta juu ya mafuta. Hivyo ndivyo kiini kinavyogusa ubao, Mzee wangu, kwa kulipangia ganda lishuke na upande upi.

Binti_wa_Straiki
Fundi, pia nimeielewa. Ila hizi namba ninazoona kwenye karatasi za watu, "50 × 4 × 30", ni nini? Kila nikiuliza nakatwa na maneno magumu.

FundiKeekee
Dada, huo ni mfumo wa pembe mbili alioutangaza marehemu Mo Pinel, mbunifu wa viini vya mipira. Soma namba ya katikati kwanza, ndiyo niliyoieleza: inchi kutoka nukta hadi PAP.

Namba ya mwisho ni pembe kwenye PAP, kati ya mstari unaokwenda kwenye nukta na mstari wa wima unaopita PAP. Pembe ndogo, nukta inapanda juu ya vidole. Pembe kubwa, inashuka. Nukta juu: mpira unachelewa, halafu unatoka kwenye kuteleza kwenda kwenye kuviringika kwa haraka, kona inakuwa kali. Nukta chini: kona inaanza mapema na inachorwa polepole kama upinde. Wengi wetu tunafanya kazi kati ya digrii 20 na 70. Nje ya hapo unaanza kutafuta balaa, pete zinaweza kupita juu ya matundu. Utasikia mpira unalia tak-tak-tak ukishuka njia, na mwendo wake hautabiriki tena.

Namba ya kwanza ni pembe kwenye nukta, kati ya mstari wa PAP na mstari wa kwenda kwenye alama ya uzito ya kiini kisicholingana. Ikiwa ndogo kiini kinaamka mapema, ikiwa kubwa kinachelewa. Kwa kiini cha ulinganifu kama cha mwenye uzi haina uzito mkubwa, kwa sababu hakuna alama ya kweli ya kuipimia. Ndiyo maana sijaigusa.

Binti_wa_Straiki
Kwa hiyo zote tatu zinaanzia kwenye PAP. Na PAP ni ya mkono wa mtu, siyo ya mpira?

FundiKeekee
Umepiga straiki. Na hapo ndipo ninapotaka kumshika SitakiSpea. Mkuu, hiyo PAP iliyoandikwa kwenye karatasi yako, nani aliipima, lini, na wewe ukirusha mpira upi?

Mizani_ya_Zamani
Naona mnazunguka mbali. Sisi tuliocheza zamani tulikuwa tunatazama kitovu cha uzito. Kisogeze kulia, mpira unakata. Kisogeze kushoto, unanyooka. Na mpira ukikataa, unaongeza tundu la nne pembeni, kazi imekwisha. Siku hizi namba nyingi, straiki chache.

FundiKeekee
Mzee wangu, shikamoo. Kwa mipira ya viini dhaifu ya enzi zile, uzito wa pembeni ulikuwa karibu kitu pekee mlichokuwa nacho, sikulaumu. Kwa kiini cha leo, wakia moja upande huu au ule macho hayaioni. USBC wenyewe, chama cha bolingi cha Marekani, walilegeza: tangu tarehe 1 Agosti 2020 wanaruhusu hadi wakia 3 upande wowote kwa mpira wa zaidi ya pauni 10.

Ila siku hiyohiyo tundu la nne lilizikwa. Kila tundu lazima liwe la kushikia, na lisipotumika wakati wa kurusha, mpira haufai kwa mashindano yao. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu bado kuna maandishi ya zamani mtandaoni yanayofundisha watu watoboe tundu la kusawazisha ili kuongeza au kupunguza kuyumba. Yalikuwa sahihi wakati wake. Leo utatupiwa mpira nje.

Mizani_ya_Zamani
Marahaba. Nimekusikia, ingawa mpira wangu wa matundu manne bado naupenda.

FundiKeekee
Cheza nao na marafiki, Mzee. Hakuna atakayekukamata.

SitakiSpea
Fundi, umenigusa pabaya. PAP hakuipima. Aliniangalia nikirusha mara mbili, akasema "wewe ni wa kawaida", akaandika inchi 5 kulia na nusu juu ya katikati ya mshiko.

FundiKeekee
Nilijua. Wala si mtu mbaya, hiyo ni namba ambayo watu wengi wanaikaribia. Lakini "karibia" kwenye inchi 3 na 3/8 inakula kila kitu.

Fanya hivi. Chukua mpira wa plastiki, ule wa spea (wa kuangushia pini zilizobaki), mradi matundu yake yanakutosha kama haya mengine. Kiini chake ni dhaifu, hauyumbi, kwa hiyo pete zote zitalaliana na kukuachia pete moja safi. Rusha kama kawaida yako, usiurembe mkono. Chora hiyo pete kwa kalamu ya nta. PAP ni ile sehemu upande wako wa kulia iliyo mbali sawasawa na kila upande wa pete. Ukishaipata, bandika kibandiko cheupe cha duara juu yake, kidogo tu, na mwenzako apige video ya mwendo wa polepole mpira unapotoka mkononi. Kibandiko kikiwa juu ya mhimili kitaonekana kimesimama kama nukta ya kalamu huku mpira wote unazunguka pembeni yake. Kikichora kaduara, umekosea. Sogeza, rudia.

Kisha pima kutoka katikati ya mshiko: kulia inchi ngapi, juu au chini inchi ngapi.

Mtaroni_Daima
Nimejaribu hii sasa hivi. Kibandiko kimechora nane. Nimefunga simu.

SitakiSpea
Nimerudi, siku nne baadaye. Samahani kwa ukimya, nilitaka nije na kitu mkononi.

Kibandiko cha kwanza nilikibandika pale fundi wangu aliposema, 5 kulia na nusu juu. Kwenye video kikachora duara kama sarafu. Nikakisogeza kuelekea kwenye vidole robo inchi, duara likapungua. Robo nyingine, likapungua tena. Kilipofika inchi 4 na robo kikasimama. Nilirudia video hiyo mara kumi, mpira unazunguka na kile kibandiko kimetulia tuli kama jicho. Juu imebaki nusu inchi.

Kisha nikapima upya kwa utepe wa fundi cherehani, kutoka nukta hadi PAP ya kweli. Kaka: inchi 4 na nusu, siyo 5. Mdogo: inchi 2 na 5/8, siyo 3 na 3/8.

Halafu nikapima pete za mafuta pale zinapoachana zaidi, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kaka inchi 4 na robo. Mdogo inchi 4 na nusu. Robo inchi tu ndiyo inawatenganisha!

FundiKeekee
Haya, wote njooni muone uzuri wa jambo hili.

Fundi alipanga Mdogo akae juu kabisa ya kilele, 3 na 3/8, na Kaka ashuke mbali upande wa pili, 5. Kungekuwa na tofauti ya kuyumba inayoonekana. PAP ilipohamia ndani kwa 3/4 ya inchi, mipira yote miwili ilisogea upande mmoja. Mdogo aliondoka kileleni akashuka upande huu, 2 na 5/8. Kaka aliyekuwa bondeni akapanda, 4 na nusu. Sasa mmoja yuko kushoto ya kilele na mwingine kulia yake, karibu kimo kilekile. Mlima una pande mbili, wakuu. Namba mbili zinazoonekana kuwa mbali zinaweza kutoa pete zilezile.

Kuna na jambo la tatu dogo. Matundu yenyewe yanaondoa uzito. Kaka, nukta ikiwa juu, tundu lake la gumba liko mbali na kichwa cha pia, na kutoboa pale kunaongeza kuyumba kidogo. Mdogo, nukta ikiwa chini, matundu yote yamesongamana karibu na kichwa cha pia na kuyumba kunapungua. Hilo nalo limewasogeza wakaribiane.

Kwa hiyo hukupigwa, na mpangilio siyo hadithi. Ulipangiwa nyumba ya mtu mwingine.

MzeeWaMafuta
Na ganda?

FundiKeekee
Na ganda, Mzee. Nilikuwa nakuachia.

MzeeWaMafuta
Asante. Mkuu, kabla hujalipia kuziba matundu na kutoboa upya, iweke mipira yote miwili kwenye hali moja. Toa mafuta yaliyonywewa na ganda la Kaka, kisha piga yote msasa namba 2000, pande zote sawa, geuza mpira kila mara ili usiache upande. Usiweke polishi. Rusha michezo mitatu kila mmoja, ukibadilisha mmoja baada ya mwingine kila fremu, kwa sababu mafuta yanahama kadiri mnavyocheza. Ukirusha Kaka kwanza na Mdogo saa moja baadaye umelinganisha njia mbili, siyo mipira miwili.

Hapo utaona nukta juu na nukta chini zinafanya nini zikibaki peke yake.

Mikono_Miwili
Swali kutoka kwa sisi tusiotumia gumba, tunaomwiga Jason Belmonte, bingwa wa kurusha kwa mikono miwili, hadi mgongo uume. Haya yote yanatuhusu?

FundiKeekee
Yanawahusu. Ila usichukue karatasi ya mtu wa gumba ukaipeleka kwa fundi. Nyie mnazungusha sana, kwa hiyo mara nyingi kuyumba si shida yenu, shida ni mpira kuishiwa nguvu kabla ya kufika. Na hamna tundu la gumba, kwa hiyo lile jambo la tatu nililolisema linabadilika. Pima kibandiko na wewe, halafu uje.

Na usiache mtu akutobolee gumba "la akiba". Rudi juu usome habari ya 2020.

Kashoto
Na sisi wa kushoto?

FundiKeekee
Geuza kila kitu kama kwenye kioo. Mafuta ndiyo hayageuki. Upande wenu wanarusha wachache, yanakaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo ganda lililokufaa asubuhi linaweza kukufaa hadi jioni. Wenzenu wanawaonea wivu kwa sababu hiyo.

SitakiSpea
Mrejesho wa mwisho.

Nimepiga msasa 2000 yote miwili. Maji ya Kaka yalitoka ya kijivu mpaka nikaona aibu. Nimerusha kama Mzee alivyoelekeza, kubadilisha kila fremu.

Sasa naona. Mdogo anaanza kuinama kabla ya Kaka, kama futi 3 hivi, na kona yake ni ndefu ya upole. Kaka anakwenda, anakwenda, halafu anageuka kama aliyeitwa jina. Tofauti si kubwa kama nilivyoota, lakini hata wale waliokaa nyuma walibashiri sahihi mara 8 kati ya 10.

Kilichobaki ni pini namba 10. Inabaki na mipira yote miwili, hata nikiingia poketi (kati ya pini ya 1 na ya 3) vizuri. Nimeweka video hapo chini, ya Kaka na ya Mdogo. Fundi, nizibe nitoboe upya kwa PAP yangu ya kweli, au nisubiri?

FundiKeekee
Nimeitazama mara kadhaa. Usizibe. Tazama sekunde ya pili ya kila video: vidole vinatoka, gumba bado limo. Kwenye video moja kibandiko hata kinaanza kuyumba, maana yake PAP yako inahama unapolibana tundu. Kabla ya kupanga nukta popote, nipe urefu wa mshiko wako, na uniambie ngozi ya gumba inachubuka upande gani.

SitakiSpea
Upande wa ndani, chini ya kiungo. Ulijuaje?